Mavuno ya Kiangazi Chini ya Msitu

Mwanzo wa mwaka, mvua za vuli zikiisha kupungua na masika yakiwa bado mbali, nchi ya Karatu, kaskazini mwa Tanzania, hupata majuma kadhaa ya jua safi. Na katika majuma hayo mahindi ya mashambani huwa yangali mabichi, mbaazi hazijachanua, na mwenye ekari nyingi hana budi kungoja, ilhali yule mwenye bustani ndogo nyuma ya jiko, aliyeimwagilia jioni kwa ndoo na kuipalilia asubuhi kwa mkono, hujikuta amezungukwa na neema isiyokubali kungojewa hata siku moja. Nyanya huanza kuwa nyekundu chini ya majani yake, mchicha hupanda mpaka magotini, mnavu hufungamana na sukuma wiki, maboga huvimba mahali ambapo jana palikuwa na ua, na pilipili hoho, bilinganya na nyanya chungu hudai kila moja zamu yake ya kuchumwa. Mji wetu uko juu ya usawa wa bahari kwa takriban mita 1,500, na kwa hiyo hata mchana ukiwa mkali namna gani, usiku hurudisha ubaridi. Nami naamini kwamba ubaridi huo, unaolichelewesha tunda kuiva, ndio unaolitia utamu, kwani nyanya za mabondeni huiva upesi na aghalabu huwa na maji mengi kuliko ladha.

Mtu asiyepata kulima bustani hudhani kwamba taabu yote imo katika kupanda, na kwamba kuvuna ni starehe tu inayofuata taabu. Kwa kweli kuvuna ni elimu peke yake, na elimu hiyo nilifunzwa na bibi jirani yangu, Mwiraqw aliyelelewa katika vilima vya Mbulu, huko ambako wazee wake walilima miteremko mikali kwa samadi na matuta kwa vizazi vingi kabla jamaa zao hawajashuka kwa wingi kuja Karatu katika karne ya 20. Aliniona siku moja nikiukata mchicha chini kabisa, karibu na mzizi, akasimama kwenye ua akaniita.

“Mwanangu, acha jicho. Jicho likibaki, mboga hurudi.”

“Nimesikia, bibi,” nikamwambia, naye akaingia bustanini akanionyesha kwa vidole vyake: mchicha hukatwa juu ya pingili ambapo vichipukizi vidogo vimejificha kwapani mwa majani, ili shina moja lililokatwa litoe mashina mawili au matatu; sukuma wiki huchumwa majani ya chini, yaliyokwisha kupanuka, na kilele huachwa kiendelee kupanda; majani ya maboga, ambayo wengi tunayapenda kuliko boga lenyewe, huchumwa yale machanga, lakini si kwa kiasi cha kuufanya mtambaa ushindwe kulisha tunda lake; na kunde, ukiyachuma majani yake kwa pupa, hazitakupa maganda. Katika kila mmea mna sehemu ambayo ni haki ya mvunaji, na mna sehemu ambayo akiigusa amejidhulumu mwenyewe. Hayo ndiyo aliyonifundisha, na kila nilichojifunza baadaye kuhusu bustani, na hata kuhusu nchi hii inayoizunguka, nimekuta kimesimama juu ya somo lile.

Matunda yana adabu nyingine. Pasheni hayajui kuchumwa: hukomaa, huanguka yenyewe usiku, na kazi ya mwenye bustani ni kuamka mapema kuyaokota kabla sisimizi na panya hawajayafikia. Papai hukatwa lionyeshapo michirizi ya manjano, kwani likiachwa mpaka liive lote juu ya mti, ndege ndio watakaolifaidi. Boga hujaribiwa kwa ukucha. Ukucha ukizama, boga halijawa tayari, na ukikataa kuzama, na kikonyo kikiwa kimekauka kama kuni, hukatwa pamoja na kipande cha kikonyo hicho, maana boga lililong'olewa kikonyo huingiwa na uozo kupitia jeraha lake, ilhali lililokatwa vema na kuanikwa juani siku chache hukaa darini miezi mingi. Nyanya yakaribia kuwa katikati ya hayo yote: inayotakiwa jikoni leo huachwa iive juu ya shina, na ile itakayosafiri kwenda sokoni huchumwa inapoanza tu kubadilika rangi, kwa sababu ina uwezo wa kumaliza kuiva ndani ya tenga.

Lakini linalonistaajabisha kuliko yote ni parachichi. Tunda hili hukomaa juu ya mti lakini halilainiki huko. Laweza kuning'inia majuma mengi, gumu vilevile, likiongeza mafuta ndani yake, na halianzi kulainika mpaka likatwe na kutengwa na tawi lililolilea. Wenye elimu ya mimea wanatueleza kwamba matunda mengi huivishwa na hewa yanayoitoa yenyewe, iitwayo ethilini, ndiyo maana ndizi moja mbivu ikitiwa katika kikapu cha maparachichi huyaharakisha yote, na ndiyo maana mama zetu, ambao hawakupata kulisikia jina la hewa hiyo, waliyafukia matunda ndani ya nafaka ili ifungike pamoja nayo isitoroke. Kwa mchicha kuvuna ni kukatiza ukuaji, kwa boga ni kuukamilisha, na kwa parachichi ni kuuanzisha. Mkono ni ule ule, na saa ni ile ile ya alfajiri kabla jua halijapasha joto majani, lakini tendo si moja. Naona kwamba mtu aliyezoea kununua kila kitu sokoni, hata akila vizuri, amekoseshwa maarifa haya, na ni hasara kubwa kuliko tunavyoikiri.

Nyanya haikuzaliwa hapa. Asili yake ni Amerika, kama zilivyo asili za boga, pilipili, parachichi, papai, maharage na mahindi, hata meza ya mwenyeji wa Karatu, tukiondoa mnavu, kunde, ngwara, bamia na jamaa zao wachache, kwa sehemu kubwa imeandaliwa kwa hidaya za bara la mbali zilizovuka bahari kwa mikono ya Wareno na wengine waliofuata, zikapanda kutoka pwani mpaka huku. Na kama nyanya ilivyotufikia, adui yake naye ametufikia. Mdudu yule ambaye wakulima wa kaskazini humwita kanitangaze, kipepeo mdogo wa kijivu ambaye mabuu yake huchimba njia ndani ya jani na kisha ndani ya tunda, naye ni wa Amerika ya Kusini. Alionekana Hispania mwaka 2006, akaivuka bahari ya Mediterania, akashuka Afrika, na mwaka 2014 akagunduliwa Tanzania. Nimeona shamba zima la jirani likiungua kana kwamba limepitiwa na moto, na dawa nyingi hazikumfaa kitu, kwani mdudu huyu huzoea sumu upesi. Katika bustani ndogo silaha iliyo bora ni macho: kila asubuhi kuyapitia majani, kuyang'oa yenye mabaka meupe, kuyaokota matunda yaliyotobolewa hata yakiwa mabichi, na kuyafunga yote ndani ya mfuko juani mpaka kilichomo kife, wala si kuyatupa jaani ambako mdudu atakamilisha umri wake na kurudi. Basi hata kilichoharibika huvunwa, na pengine huvunwa kwa bidii kuliko kilicho kizima.

Kuna wavunaji wengine ambao hawahitaji mwaliko. Nungunungu huja usiku kwa ajili ya maboga na viazi. Nyani huja mchana, kwa akili, wakiweka mlinzi wao. Na kwa walio karibu zaidi na mpaka wa msitu huja nyati na ndovu, na ndovu akipita usiku mmoja humaliza kazi ya msimu. Nimewasikia wenye mashamba ya upande wa Oldeani wakizungumza habari za ndovu kwa hasira na kwa taadhima ndani ya sentensi moja, na siwalaumu kwa hili wala lile. Serikali ina utaratibu wa kifuta jasho, lakini jasho lenyewe huwa limekwisha kumwagika, na mtoto aliyekosa mboga wiki ile halishwi na malipo yatakayokuja baadaye.

Hapo ndipo tafakuri inapotoka bustanini na kupanda mlimani, kwa sababu ndovu na maji yangu hutoka mahali pamoja. Juu ya Karatu, kuanzia lango la Loduare la kuingilia hifadhi ya Ngorongoro na kuendelea kuuzunguka ukingo wa kreta na mlima Oldeani, upo Msitu wa Hifadhi wa Nyanda za Juu Kaskazini, na asubuhi nyingi hauonekani kwa sababu umejifunika ukungu. Ukungu ule ni hazina. Upepo wenye unyevu utokao mashariki hugonga miteremko, hupanda, hupoa, na miti mirefu iliyovaa ndevu za kuvumwani huuchuja kwa majani yake, tone baada ya tone, hata siku ambazo mvua hainyeshi. Matone hayo huingia katika udongo mwepesi uliotokana na majivu ya volkano zilizolipuka zamani za kale, yakazama, yakatokea tena chini kama vijito vya Karatu na Oldeani, na mbali zaidi, chini kabisa ya ukuta wa bonde, kama chemchemi za Mang'ola karibu na ziwa Eyasi. Vitunguu vyekundu vya Mang'ola, vinavyopakiwa kwenye malori kwenda Arusha, Nairobi na kwingineko, hukua katika nchi kame ambayo mvua yake peke yake isingeweza kuotesha hata kitunguu kimoja kwa uhakika. Ndoo yangu ya jioni, na mfereji wa mkulima wa Mang'ola, vyote viwili huteka kutoka katika kitu kimoja: miti ambayo hairuhusiwi kukatwa, katika ardhi ambayo jembe haliruhusiwi kuingia.

Msitu ule, basi, ndilo jicho ambalo taifa limeliacha ili mboga irudi, na kama bibi yangu angeulizwa, naamini angelisifu taifa kwa hilo. Lakini angeuliza pia swali la pili, ambalo wengi wetu tunaokula kwa jasho la msitu hatulipendi: ni nani aliyeambiwa aache, na ni nani anayechuma?

Historia yenyewe inajulikana, nami nitaipita kwa haraka. Mwaka 1951 Hifadhi ya Taifa ya Serengeti ilianzishwa, ikiwa na Ngorongoro ndani yake. Mwaka 1959 ziligawanywa, wafugaji wa Kimasai wakaondoka Serengeti, na Ngorongoro ikafanywa eneo ambamo watu, mifugo na wanyamapori wangekaa pamoja kwa sheria. Mwaka 1974 waliokuwa wakiishi ndani ya kreta walitolewa. Mwaka 1975 sheria ikakataza kilimo katika eneo zima la kilomita za mraba zaidi ya 8,000. Mwaka 1979 UNESCO ikaliingiza katika orodha ya urithi wa dunia. Mwaka 1992, njaa ilipobisha hodi katika maboma, Serikali iliruhusu kilimo kidogo cha kujikimu, na kuelekea mwisho wa muongo wa kwanza wa karne hii ruhusa hiyo ikaondolewa tena. Watu waliokisiwa kuwa 8,000 mwaka 1959 walikuwa wamezidi 90,000 kabla ya mwaka 2022, ambapo uhamisho wa kwenda Msomera, wilayani Handeni, ulianza, Serikali ikisema ni wa hiari na wengi wa wenyeji wakipinga.

Nimekuwa nikikutana na mama mmoja wa Kimasai kutoka upande wa Endulen, ndani ya eneo hilo, kila anaposhuka kwenye mnada wa Karatu. Huleta mbuzi, au mapambo ya shanga, au maziwa ndani ya kibuyu, na hununua mahindi, chumvi, na fungu la mboga. Mahindi kwa sababu mifugo kwa kila kichwa imepungua na maziwa peke yake hayatoshi tena kulea watoto, na mboga kwa sababu katika zahanati aliambiwa kwamba watoto wanahitaji majani mabichi. Mboga zile, kabla ya kumfikia, zimeshapanda barabara ya lami inayotoka Makuyuni, au zimechumwa hapa hapa katika bustani zilizo upande huu wa mpaka wa hifadhi. Naye hupanda nazo mlimani, saa nyingi za njia, na zinapofika chunguni zimekwisha kunyauka. Siku moja aliniambia, akiwa ameinama kuyapapasa majani ya chainizi:

“Baba, udongo wetu kule si mbaya kuliko huu.”

Nikamjibu, “Najua, mama,” kwa kuwa nilijua, wala sikuwa na jambo jingine la kumwambia.

Sisemi kwamba msitu ulimwe. Hasha, mtu aitakaye rehema ya ukungu asiuguse msitu, na asiyeamini na aende Engaruka, chini ya nyanda hizi upande wa mashariki, akatazame mifereji na kuta za mawe za mashamba ambayo watu waliyamwagilia kwa ustadi mkubwa tangu karne ya 15 mpaka ya 18, kisha wakayaacha, na miongoni mwa sababu zinazotajwa na wachunguzi ni kupungua kwa maji ya vijito vilivyotoka mlimani. Wajenzi wale hawakuwa wajinga. Walijua kulima kuliko wengi wetu. Nawafikiri pia jirani zetu wengine, Wahadzabe wa Eyasi, ambao huchuma ubuyu, huchimba mizizi na kurina asali bila kupanda kitu, na ambao nchi yao imezidi kusongwa na vitunguu vyetu na ng'ombe wa wenzetu. Wengi wa watu wa nchi hii, wafugaji na wakulima, wamekuwa na sheria yao ya jicho la kuachwa, na sheria hizo zilikuwa na macho ya kutofautisha.

Ninachokisikitikia ni kwamba sheria iliyoandikwa haina macho hayo. Kwake trekta la mfanyabiashara anayevunja nyasi kwa mamia ya ekari, na jembe la mama anayetaka mistari mitano ya mchicha nyuma ya nyumba, ni kosa moja lenye jina moja. Mashamba makubwa yaliyofunguliwa baada ya mwaka 1992, ambayo baadhi yake hayakuwa ya wenyeji maskini hata kidogo, yaliwatisha wahifadhi kwa haki. Lakini yalipofungwa, yalifungwa pamoja na bustani ambazo hazikuwahi kumtisha mnyama yeyote. Wakati huo huo nyumba za wageni zilizo upande huu wa lango, kama shamba la Gibb, lililoanzishwa na walowezi wa Kijerumani kwa ajili ya kahawa na kuanza kupokea wageni mwaka 1972, zina bustani za mboga zinazosifiwa duniani, na mgeni aliyeshinda kutwa akiwatazama vifaru ndani ya kreta hurudi jioni akala saladi iliyochumwa saa ile ile. Siwaonei wivu wageni. Chakula kizuri hakina dhambi, na vijana wengi wa Karatu wamepata riziki yao katika bustani zile. Nasema tu kwamba mama wa Endulen naye anastahili jani ambalo halijanyauka.

Masika yanakaribia, na bustani yataka kazi za mwisho. Mashina ya nyanya yaliyozeeka yang'olewe na kuchomwa ili kanitangaze asipate maskani. Majani ya kunde yaliyozidi yachemshwe kidogo na kuanikwa, yawe mboga ya miezi ya baridi. Boga moja, lililo bora kuliko yote, lisiliwe, bali liachwe mpaka mbegu zake zijae, kwa maana mkulima anayekula boga lake bora na kupanda mbegu za lile dhaifu atavuna udhaifu mwaka ujao. Na kabla sijalipasua, nimekwisha kuamua mbegu zake zitagawanywaje: sehemu kwa bibi, sehemu kwangu, na sehemu katika karatasi nitakayoikunja kwa ajili ya mama wa Endulen. Hataweza kuzipanda kwake mwaka huu. Ana dada yake, aliyeolewa hapa Karatu, mwenye kipande cha ardhi kando ya kijito, na amesema huko ndiko atakakozipeleka, mpaka hapo wenye mamlaka watakapokubali kukaa na wanawake wa maboma na kupima kwa hatua, palepale nyuma ya nyumba, ni mistari mingapi ya mboga ambayo mlima ule mkubwa unaweza kuivumilia.